Chumba cha Marjani

Bi Rukia alizikwa Kisauni baada ya sala ya alasiri, nami nilifika kwa gari langu mwenyewe, nikaliegesha pale pale nilipokuwa nikimwaga samadi ya farasi. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani. Leo mtu akitaka majani makavu ya mifugo, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, ataambiwa, "Muone Kahindi." Malori yangu yana jina langu ubavuni, kwa herufi nyekundu nilizochagua mwenyewe, na ghala langu la Changamwe halivuji hata mvua ikeshe. Shule niliiacha njiani na sikurudi kuitafuta. Lakini nilipoketi kwenye busati pale barazani, kati ya wanaume waliokuwa wakimsomea marehemu, sikuwa na lori wala jina. Nilikuwa saisi wa Bi Rukia tu, mtunza farasi wake, kijana anayenuka zizi, nikingoja sauti yake itoke uani: "Kahindi, mwanangu, njoo unywe chai. Yapoa hiyo." Nilikaa nikasikiliza. Waliokuwa uani wakizungumza walikuwa wanawake nisiowajua.

Nilikaa katika nyumba ile miaka kadhaa, lakini ninaoutamani ni mwaka mmoja, ule ambao Marjani aliugua. Sebuleni palikuwa na viti vilivyofunikwa kwa nailoni, visivyokaliwa na mtu, na picha ya marehemu Bwana Saidi ameshika lijamu ya farasi mweupe, wote wawili wanatazama pembeni kana kwamba wameitwa na mtu mmoja. Ukivuka ukumbi unatokea uani, na uani ndiko maisha yalikokuwa. Upande wa kushoto jiko la Bi Rukia, moshi wake na nazi zake. Upande wa kulia banda la makuti, wazi pande zote, walimofungwa farasi watatu wa ufukweni. Na mwisho kabisa, kilichojengwa kwa mawe na kuezekwa mabati, palikuwa na chumba chenye mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Bwana Saidi alikijenga akipangishe, kama kila mtu Kisauni anavyojenga. Kisha akamleta Marjani, akamtazama, akasema huyu hatafungwa chini ya makuti. Mpaka anakufa Bwana Saidi, na hata baada yake, chumba kile hakikuingiza kodi. Majirani walicheka. Bi Rukia aliwajibu kwamba mpangaji wake ana adabu kuliko wapangaji wao wote, halipi lakini pia hakopi sukari.

Marjani alikuwa farasi jike mweupe, wa harusi. Wale watatu waliteremka ufukweni kila asubuhi kuzungusha watalii, wakarudi na chumvi miguuni. Yeye alitoka siku za harusi tu, ametandikwa nguo nyekundu yenye vishada vya dhahabu, bwana harusi mgongoni amevimba kama yeye ndiye aliyemzaa. Mimi nilishika lijamu. Sijapata kutazamwa vile tena, hata sasa. Watu walitoka madirishani, wasichana walipiga vigelegele, na mimi nilijua fika kwamba wanamtazama farasi, lakini mwendo wangu ulibadilika vilevile. Tukirudi, Mbwana, saisi mkubwa aliyenifundisha kazi, alikuwa ameshatia makaa kwenye chetezo. Ilikuwa desturi ya nyumba ile: farasi akitoka harusini, hufungiwa chumbani na kufukizwa ubani, maana ametazamwa na macho mengi, na si macho yote ni mema. Mlango ukifungwa, moshi ukijaa, Mbwana husimama nje mikono kifuani kama imamu. Bi Rukia humletea Marjani hamri moja iliyobaki asubuhi, akamlisha kwa kiganja.

Kikohozi kilianza masika. Mwanzoni kilikuwa kimoja kimoja, asubuhi, nikimwekea majani. Kisha akaanza kukohoa akipanda kilima kidogo cha barabara ya msikiti. Kisha nikaona tumbo lake linafanya kazi ya kupumua, linasukuma, mpaka ubavuni pakatokea mstari kama kamba iliyopita chini ya ngozi. Usiku nililala kwenye kitanda cha kamba nje ya mlango wake, na pumzi zake zilinifanya nami nipumue kwa shida.

"Ni jicho," Mbwana alisema. "Ile harusi ya mwezi uliopita. Yule bibi wa miwani alimtazama mpaka nikahisi mimi."

"Basi afungiwe vizuri," Bi Rukia akasema. "Kahindi, wewe wa kupanga vitu. Niwekee marobota pale kwenye dirisha, upepo usimpige wala mtu asimchungulie."

Nami nilipanga. Hakuna mtu Pwani hii anayejua kupanga marobota ya majani kama mimi, hata leo vijana wangu nawafundisha kwa mkono. Niliinua ukuta kutoka sakafuni mpaka kwenye mabati, robota juu ya robota, umekazana hata kidole hakipiti. Matandiko ya chini tuliyazidisha yawe mazito, alale kama malkia. Mlango tukautundikia turubai. Ubani ukawa kila Alhamisi, kisha kila siku. Kila alivyozidi kukohoa tulizidi kumfunika, na kila tulivyomfunika Bi Rukia alizidi kumpenda, akawa anakula chakula chake mlangoni pale, kwenye kigoda, sahani ya wali na samaki wa kupaka magotini, akizungumza naye habari za marehemu. Nilimsikia mara moja akimwambia, "Usiniache nawe. Kwani mimi nimekukosea nini?"

Ndipo wakaja wenye farasi wengine wa ufukweni. Walikaa barazani, wakanywa kahawa, wakauliza afya ya kila mtu, na msemaji wao, mwanamume mnene mwenye kofia ya vito, akazunguka mbali sana kabla ya kulifikia neno lenyewe.

"Bi Rukia, sisi ni ndugu. Lakini farasi wako akohoa. Wangu wanywa maji bomba moja na wako."

"Waambie wako wafunge midomo," Bi Rukia akamjibu.

"Si mzaha, dada. Ikiwa ni maradhi ya kuambukiza tumekwisha sote. Ama umpumzishe, ama farasi wako wote wasikanyage ufukweni. Hatukutaka kufika hapa."

Kumpumzisha maana yake kila mtu aliijua. Bi Rukia aliinuka akaenda jikoni, akaanza kukuna nazi ambayo haikuhitajika. Nilimfuata. Hakulia. Alisema tu, bila kuacha kukuna, "Saidi aliniachia vitu viwili. Nyumba hii na yule. Nyumba haijui jina langu."

Aliyetuletea daktari ni Mbwana, jambo lililotushangaza, maana Mbwana hakuamini daktari yeyote asiyevaa kanzu. Alimkuta kwa mwenye ng'ombe Mtopanga. Alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, jina lake Nafula, mwenye viatu vya mpira na kasha la barafu. Aliingia akimwita Bi Rukia "mama", akarekebishwa mlangoni hapohapo, akacheka, akasema, "Shikamoo Bi Rukia," na tangu hapo akawa mtu wa nyumbani. Alimpima Marjani, akamwekea sikio ubavuni muda mrefu. Kisha akatushangaza: alitaka damu ya farasi wote wanne.

"Wale hawana kitu," Mbwana akasema. "Mtazame Sultani alivyonenepa. Huyo akohoe kwa kipi?"

"Ndiyo maana namtaka," Nafula akasema. "Nikimpima mgonjwa peke yake nitamlinganisha na nani?"

Alieleza tukila, maana katika nyumba ile hakuna aliyetoka na tumbo tupu. Ilikuwa mbaazi za nazi na mahamri, na chai ya tangawizi iliyomtoa daktari machozi. Alisema mwili ukivamiwa na kitu hutengeneza kinga yake, kingamwili, na kila kinga ina adui wake: iliyotengenezwa kwa ajili ya kidudu fulani humjua kidudu yule tu. Adui akiondoka, kinga hubaki ikizunguka kwenye damu. Kwa hiyo maabara itatafuta mambo mawili. Kwanza, kinga ya yale maradhi ya kuambukiza yanayoogopwa na wenye farasi. Pili, kinga ya kuvu.

"Kuvu ipi?" nikauliza. "Ya mkate?"

"Jamaa zake. Inayoota kwenye majani yakifungwa na unyevu. Farasi akiipumua kila siku, kifua kinafura."

"Na jicho je?" Bi Rukia akauliza kwa upole.

Nafula alimeza mbaazi zake kwanza. "Jicho sijui kulipima, Bi Rukia. Ningejua ningekuwa tajiri."

Bi Rukia alicheka mpaka akashika mtungi. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu masika.

Zile siku za kungoja majibu ndizo ninazozikumbuka kwa uzito wa ajabu, kana kwamba kitu chochote kilichotokea wakati ule kilichongwa kwenye jiwe. Harufu ya kahawa ya Mbwana. Bi Rukia akisuka ukili mlangoni pa Marjani, kidole kikienda chenyewe, macho kwa farasi. Farasi akishusha kichwa na kuniwekea begani, kizito, chenye joto, na pumzi zake zilizokatika zikinipita shingoni. Nina mke, nina watoto, nina kitanda cha mbao ya mvule. Sijalala usingizi kama ule wa kitanda cha kamba, nikisikiliza ikiwa pumzi inayofuata itakuja.

Majibu yalipokuja, Nafula aliyasoma akiwa amesimama. Maradhi ya kuambukiza: hakuna dalili, si kwa Marjani si kwa wenzake. Mbwana akasema alhamdulillahi na kutoka mbio kwenda kumwambia yule wa kofia ya vito. Bi Rukia alikaa chini kwenye kigoda taratibu. Kinga ya kuvu: ipo, tena nyingi.

"Kumbe ndiyo," nikasema.

"Ngoja," Nafula akasema. "Ipo kwa wote wanne. Sultani anayo kumpita Marjani."

Tukamtazama Sultani. Alikuwa anatafuna, amenona, anang'aa kama aliyepakwa mafuta.

"Basi naye mgonjwa?" Bi Rukia akauliza.

"La. Kinga inanionyesha amepumua kuvu. Hainionyeshi kuvu imemdhuru nani. Wote wanakula kutoka ghala moja, wote wamekutana nayo. Kwa nini imemuumiza mmoja, damu haitaniambia hilo."

"Sasa karatasi yako ina faida gani?" Nilikuwa nimekasirika. Nilitaka ielekeze kidole.

"Faida ni kwamba hauawi mtu leo," akasema. "Yaliyobaki tutayatazama kwa macho. Nionyesheni anakolala."

Akaingia chumbani. Alisimama mbele ya ukuta wangu wa marobota, akausifu, na sikudanganyi, aliusifu. Kisha akaniomba nivute robota moja la katikati. Nilivuta, likatoka na wingu. Vumbi la kijivu, laini kama unga wa muhogo, lilitujaa puani na kubaki linaelea kwenye mwanga wa mlango. Marjani, nyuma yetu, akakohoa mpaka magoti yakamlegea. Wale watatu waliodharauliwa, wa chini ya makuti, walikuwa wakila majani yaleyale huku upepo ukiwapitia pande zote. Aliyependwa alikuwa amefungiwa nayo.

Bi Rukia aliliondoa turubai la mlangoni kwa mikono yake mwenyewe. "Aende wapi?" akauliza.

Binamu yake alikuwa na shamba la minazi Bofu, ng'ambo ya feri, lenye nyasi mbichi na nafasi ya kulala nje. Nilimpeleka mimi, kwa miguu. Tulitoka alfajiri, tukavuka daraja la Nyali magari yakitupigia honi, tukapita katikati ya mji, tukafika kivukoni umati ukiwa umeshajaa. Feri nzima ilitupisha, na utani ukaanza.

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Amekimbia. Mahari imemshinda."

"Mbona bibi harusi akohoa?"

"Mwache, ameambiwa habari za mama mkwe."

Hata mimi nilicheka. Marjani alisimama katikati ya watu, masikio mbele, upepo wa kivuko ukimpiga usoni, na nikaona anavuta hewa kama mtu aliyepewa maji.

Bofu alipona. Sikuamini, nikamwekea sikio ubavuni kama nilivyomwona daktari akifanya. Ile filimbi iliyokuwa kifuani ilipungua, ikawa mnong'ono, ikaisha. Ule mstari wa ubavuni ulififia. Alikuwa anakula kutwa kichwa chini, hajali mvua, hajali jua, na hakuna aliyemfukiza. Kila Ijumaa Bi Rukia alivuka feri na kikapu cha mahamri. Alikaa chini ya mnazi, akimtazama, na furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. "Amenenepa," alisema. "Hata haniulizi nilikuwa wapi."

Ikafika Idi, na Bi Rukia hakuweza kuvumilia. Aliniambia nimrudishe nyumbani, siku mbili tatu tu, ale sikukuu na wenzake. Nafula alikuwa ametuonya: chumba kile, hata kikifagiliwa, kuvu imo kwenye mawe na kwenye mabati, na kifua kilichofura mara moja kinawaka upesi. Lakini mimi nilimtaka nyumbani kuliko Bi Rukia alivyomtaka. Tulikisafisha chumba kwa maji na sabuni, tukamwaga mchanga wa pwani badala ya majani, mlango tukauacha wazi. Aliingia mwenyewe, akageuka mara moja kama zamani, akaniwekea kichwa begani. Tulikula biriani uani usiku ule, Mbwana akaimba, na nilifikiri tumeshinda. Kabla ya mapambazuko nilisikia. Kimoja. Kisha kimoja tena.

Bi Rukia alitoka na leso yake begani, akasimama mlangoni pale miguu mitupu. Alisikiliza mpaka adhana ikalia. Kisha akasema, "Mwite yule daktari. Amtafutie mahali mbali. Mbali mpaka mimi nisiweze kumfuata Ijumaa."

Mahali penyewe palikuwa shamba la mifugo nje ya Voi, nyasi kavu mpaka macho yanachoka, hewa isiyo na unyevu. Lori lilikodishwa, nami nikapanda nyuma pamoja naye, nimemshika shingo njia nzima. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza majani yaliyokauka sawasawa, ya kijani hafifu, yanayonukia kama chai, na nikaona pia malori yanayorudi Mombasa matupu. Watu huniuliza nilianzaje. Nilianzia hapo. Mpaka leo sinunui robota ambalo sijalichana katikati na kuingiza pua yangu, na mwenye mali akinuna namwambia akauze kwingine. Utajiri wangu wote umetoka kwenye safari ile, na ningekuwa na njia ya kuirudisha nyuma sijui ningefanya nini.

Nilimfungulia lijamu. Akatembea, akashusha kichwa, akaanza kula. Nilimwita. Nilimwita kwa ile sauti ya mdomo niliyokuwa namwitia asubuhi, ambayo hakuwahi kuiacha bila kuinua masikio. Aliendelea kula. Kifua chake kilikuwa kimetulia kabisa, huwezi kujua kama anapumua.

Nilirudi Kisauni, nikamkuta Bi Rukia kwenye kigoda mbele ya chumba kitupu.

"Aligeuka?" akaniuliza.

"Hakugeuka."

"Alikohoa?"

"Hata kidogo, Bi Rukia."

Alitikisa kichwa, akanyanyuka, akanitengea chakula. Siku ya pili alimwita fundi, akaung'oa ule mlango wa kijani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza pale matangani. Jua lilipopoa niliomba ruhusa, nikapita ukumbini mpaka uani. Banda la makuti halipo, pamejengwa vyumba vya kupangisha, ghorofa tatu, nguo zinaning'inia. Lakini mwisho kabisa, kimebanwa na zege kila upande, kile chumba cha mawe kipo. Kijana mmoja wa nyumba ile, mjukuu wa yule binamu wa Bofu, aliniambia marehemu alikataa katakata kukipangisha. Watu walimsihi, wengine wakamgombeza, yeye akasema kina mwenyewe. Hakina mlango mpaka leo. Kilikuwa kitupu, kimefagiliwa asubuhi hiyo hiyo, au labda asubuhi ya mwisho alipokuwa na nguvu.

Niliingia nikakaa chini sakafuni na suruali yangu ya bei. Niliegemea pale dirishani, palipokuwa na ukuta wangu, nikafumba macho, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nilikuwa natafuta ule ubani, ule unga wa kijivu, jasho la farasi, chochote kile kilichokuwa kikituua taratibu humo. Nilivuta tena. Hewa ilikuwa safi.